Koloni Linapohamia Mchezo Mwingine

Mwaka 1836 Ufini ilikuwa na Seneti na sheria zake, lakini mkuu wa nchi alikuwa Tsar wa Urusi. Katika Victoria II, mchezo uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Uswidi mwaka 2010, madaraka hayo hayaonekani. Majimbo ya Ufini yameandikwa kuwa mali ya Urusi, basi. Katika Victoria 3 ya mwaka 2022, Ufini ni nchi yenye rangi yake kwenye ramani, ila iko chini ya Urusi. Eneo ni lilelile, mwaka ni uleule na kampuni ni ileile, lakini hesabu mbili hazilingani. Hapo ndipo kazi ya watengeneza vigeuzi inapoanza.

Vigeuzi ni programu za mashabiki, zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, zinazomwezesha mchezaji kuanza na Crusader Kings katika karne ya 11, kuihamishia dola yake Europa Universalis IV, kisha Victoria, na kuimalizia Hearts of Iron IV inayofunguliwa Januari 1, 1936. Kigeuzi husoma faili la mchezo uliosevuliwa, hulinganisha majimbo kwa kutumia jedwali, kisha huandika modi ya mchezo unaofuata. Ardhi haisumbui sana: jimbo fulani la huku ni majimbo mawili ya kule, kazi imekwisha. Kinachosumbua ni swali la nani anamtawala nani, na kwa kiasi gani.

Europa Universalis IV pekee inajibu swali hilo kwa namna mbili. Kwanza, kila jimbo lina namba ya madaraka ya ndani, kuanzia 0 hadi 100. Namba ikipanda, kodi na askari wanaofika makao makuu hupungua. Pili, kuna nchi tegemezi zenye serikali zao. Tangu nyongeza ya Conquest of Paradise ya Januari 2014, mtawala akishajikita kwenye majimbo matano ndani ya ukanda mmoja wa kikoloni, nchi mpya huzaliwa yenyewe, na mchezo huanza kupima hamu yake ya uhuru. Ikifika asilimia 50, utii unayumba.

Ukiingia Victoria II, utajiri huo wote unabanwa kwenye tundu la sindano. Faili lake lina mstari wa `vassal`, ambamo `first` ni bwana, `second` ni mtegemezi, na pembeni kuna tarehe. Hyderabad, dola ya Nizam huko Bara Hindi, iliyoachiwa mambo ya ndani huku Waingereza wakishika ya nje, inaandikwa hivyo. Kanada, iliyopata shirikisho lake na Bunge lake mwaka 1867, nayo ikiundwa mchezoni inaandikwa hivyohivyo. Ukisoma mistari hiyo miwili kando kwa kando, tofauti pekee ni herufi tatu za nchi, HYD au CAN, na tarehe.

Hearts of Iron IV haikubali mkato huo. Nyongeza ya Together for Victory, iliyotoka Desemba 2016, ilileta ngazi: dominioni juu kabisa, kisha koloni, kisha kibaraka, na chini yao kibaraka aliyemezwa karibu kabisa na bwana wake. Amri ya `set_autonomy` inadai jina la nchi na ngazi yake. Kigeuzi kinakabidhiwa neno moja na kutakiwa kurudisha jibu moja kati ya manne.

Njia ya kutoka ni kuacha kuangalia cheo na kuangalia maisha ya ndani ya nchi. Victoria II inahifadhi watu wa kila jimbo kwa utamaduni, dini na kazi zao, na kwa kila nchi inahifadhi sheria zake za uchaguzi. Mtegemezi anayepiga kura, na ambaye wakazi wake wengi ni wa utamaduni wa bwana au unaokaribiana nao, anastahili udominioni. Asiye na hayo anaelekea kwenye ukoloni au ukibaraka. Kanuni hiyo inaitenganisha Kanada na Hyderabad bila kuyataja majina yao, kwa hiyo inafaa hata pale mchezaji alipoipindua historia na Wareno ndio wanaotawala Bara Hindi.

Uamuzi mwingine hauna jibu moja. Kigeuzi cha kutoka Europa Universalis IV kwenda Victoria II humwachia mtumiaji achague kama makoloni yamezwe na nchi mama au yabaki, na hamu ya uhuru hutumika kama kigezo. Ni busara, kwa sababu koloni tiifu mwaka 1821, Europa Universalis IV inapoishia, halina tofauti kubwa na mkoa, lakini lililochafukwa likimezwa, uasi uliokuwa ukiiva unafutika. Kwenye Victoria 3 kuna kimbilio jingine: mikoa ambayo haijaunganishwa kikamilifu na dola, isiyotoa kodi wala kufikiwa na huduma za serikali. Majimbo yenye namba kubwa ya madaraka ya ndani yanakaa vizuri humo.

Yapo maeneo yanayoshinda kanuni zote. Mwambao wa Kenya, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, lakini tangu 1895 Waingereza waliuendesha kwa malipo ya kila mwaka. Faili la Victoria II lina nafasi mbili kwa kila jimbo, `owner` na `controller`, na mtu anaweza kushawishika kumweka Sultani kwenye ya kwanza na Uingereza kwenye ya pili. Akifanya hivyo, mchezo utaelewa kwamba Mombasa imetekwa vitani, kwani hiyo nafasi ya pili ni ya jeshi linaloshikilia ardhi ya mwingine. Mtengeneza kigeuzi anabaki na chaguo mbili: kuukabidhi ukanda kwa Uingereza na kumwachia Sultani dai tu, au kuurudisha Zanzibar na kuiweka Zanzibar nzima chini ya Uingereza. Ya pili inalinda bendera ya Sultani. Ya kwanza ndiyo inayopeleka kodi ya bandari ilikokuwa ikienda.