Ufa Ulioshonwa

Bakuli la mti husomwa kwa kupinduliwa. Mnunuzi wa haraka hutazama mdomo na nakshi, akaridhika. Anayelijua hulifudikiza, akapapasa kitako, kisha akaushika ukingo, dole gumba ndani na kidole cha shahada nje, akauzungusha polepole hadi arudi alikoanzia. Unene ukiwa ule ule mzunguko wote, hapo palikaa fundi. Aliyelichonga hakuwa na kipimo cha chuma. Aliongozwa na vidole na sikio, maana mti hubadilisha mlio chini ya tezo kadiri unavyozidi kuwa mwembamba.

Mimi hukusanya vyombo vya mti vya chakula, vile vilivyokwisha kutumika, kutoka ukanda huu wa Kitale na Bungoma na ile barabara inayopitia Kapenguria na kuteremka hadi Lodwar. Ukanda huu una bahati yake. Hapa hukutana Wabukusu, Wasabaoti wa Mlima Elgon, Wapokot wa kaskazini, na Waturkana walioifuata barabara hiyo wakitafuta kazi au soko, na kila watu wana namna yao ya kuutoboa mti. Waturkana wana atubwa, bakuli pana lisilo na pambo, na elepit la kukamulia maziwa. Wabukusu, waliojaliwa udongo mzuri, walitegemea zaidi vyungu na vikapu, lakini mkono wao wa uchongaji utaukuta kwenye kinu, kwenye kigoda, na kwenye litungu, ala ya nyuzi ambayo tumbo lake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi. Aliyeweza kulifanya bakuli liimbe, la kuandalia nyama halimshindi.

Wajerumani nao wana chombo chao ambacho wakusanyaji wa Ulaya hukitafuta sana: sahani ya mti ya kuwekea mkate, iliyoenea katika karne ya 19. Sahani hiyo hukerezwa kwanza kwa mashine, kutoka mti mweupe wenye nyuzi laini, kisha ukingo wake huchongwa kwa mkono: masuke ya ngano, maua ya kondeni, na mara nyingi yale maneno ya Sala ya Bwana yanayoomba mkate wa kila siku. Katikati huachwa patupu, kwa kuwa hapo ndipo kisu kitakapopita. Hilo ndilo linalonivutia kuliko maua yote. Fundi aliliweka pambo pale ambapo halitadhurika, akakiachia chakula nafasi yake. Sahani iliyotumika vizuri ina mikwaruzo mamia katikati, na mkusanyaji mwenye macho haisagi ili ing'ae, kwa kuwa akiisaga amefuta maisha ya nyumba nzima.

Kwetu kazi huanza mbali na tezo, huanza kwenye kuuchagua mti. Mringaringa hupendwa kwa vinu, mizinga na ngoma, kwa sababu hukubali kuchimbwa ukiwa mbichi na haukasiriki sana ukikauka. Gogo hupasuliwa, na kile kiini cha katikati hutupwa, hata kama ni kupoteza kipande kizuri, maana nyufa nyingi hutokea kiinini zikitambaa kuelekea nje kama miale. Kisha bakuli hutolewa umbo la awali likiwa bado nene, likaachwa kivulini. Hapa ndipo haraka huumbua watu. Mti hupoteza maji upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na upande mmoja ukitangulia kukauka, huvutana na mwenzake hadi kitu kiachie. Fundi hupaka mafuta ncha hizo, au hulifunika bakuli lote likauke kwa kujivuta. Likishatulia hurudiwa kwa kisu, likasuguliwa kwa majani makavu ya msasa, likanyweshwa mafuta. Chombo cha maziwa huongezewa moshi, ambao hukitia weusi na harufu isiyoondoka.

Pamoja na uangalifu wote huo, mabakuli hupasuka. Mti uliochongwa Turkana, penye ukame, ukiletwa Kitale penye mvua na ubaridi wa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, hufura, ukirudishwa, husinyaa. Hauachi kuvuta na kutoa unyevu hata ukiwa na umri wa babu. Na hapo ndipo penye kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika sanaa hii, nayo haifanywi na mchongaji peke yake: kushona ufa.

Mshonaji hutoboa vitundu pande zote mbili za ufa kwa chuma cha moto. Asipovipanga kwa kupishana, mti utapasuka tena kwa kufuata mstari wa vitundu vyenyewe. Kisha hupitisha ukanda mwembamba wa ngozi mbichi iliyolowekwa, akaukaza kwa nguvu zake, na ngozi inapokauka hukaza zaidi ya alivyoweza yeye. Wengine huziba upenyo kwa nta. Nimeona pia viraka vya bati lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, vimepigwa misumari midogo kwa ustadi wa fundi wa saa. Vyombo vingine vimeshonwa mara tatu, kila mara kwa mkono tofauti. Unautambua mkono kwa upana wa mishono yake.

Sokoni, wauzaji huuonea haya mshono. Huligeuza bakuli ili ufa uelekee ukutani, au hupunguza bei kabla hujasema neno. Mimi naamini mshono ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba chombo kilikuwa kizuri. Hakuna anayehangaika kutoboa vitundu ishirini kwa ajili ya kitu ambacho angekitupa bila kujuta. Nakshi humwonyesha mchongaji, ila ufa ulioshonwa huwaonyesha waliokula humo, na jinsi walivyokataa kuachana nacho.

Kukusanya si jambo geni Kitale. Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu na vitabu, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akawa ameiachia Kenya mkusanyiko wake pamoja na fedha za kujengea jumba. Jumba hilo likafunguliwa Desemba 1974, la kwanza la makumbusho ya taifa nje ya pwani na Nairobi, na leo vyombo vya watu wa magharibi mwa Kenya vina nafasi humo kando ya vipepeo wa kanali. Nairobi, Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kwa upana zaidi, na mwaka 1972 yeye na Alan Donovan wakaanzisha jumba la sanaa la African Heritage. Murumbi nampenda kwa jambo moja: alikusanya kama mtu anayerudisha nyumbani, na mkusanyiko wake ukabaki nchini, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Ninachokikosa katika lebo nyingi za makumbusho duniani ni jina la mti. Zitakwambia kabila na matumizi, basi. Kwangu kila bakuli lina daftari: mti gani, limetoka kijiji gani, lilipakuliwa nini, nani alilishona. Nauliza mapema, kwa sababu wanaojua ni wazee. Niliwahi kumwuliza mmoja huko Chwele kwa nini hachongi tena. "Mwanangu," akanijibu, "nitachonga nini? Karatasi?" Akanionyesha shamba la jirani, mikaratusi mitupu. Alisema kweli. Mkaratusi hukua upesi na kulipa karo, lakini ukikauka hujipasua vibaya, na hakuna mafuta yatakayouzuia. Mgrevilea una afadhali, ila nao hupandwa kwa mbao na kuni. Sahani ya plastiki haikumfukuza mchongaji peke yake; ilisaidiwa na shoka lililoangusha mringaringa bila mtu kupanda mwingine.

Ndiyo maana siku hizi sikusanyi vya kale tu. Yule Mjerumani alichonga masuke ya ngano kwa kuwa ngano ndiyo iliyomlisha. Sisi tunaishi kwenye ghala la mahindi la nchi, mji wenye Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu 1956, na kabla ya mahindi wazee wetu waliishi kwa wimbi, lakini sijawahi kukutana na chano kilichochongwa kichwa cha wimbi ukingoni. Nimemwagiza kijana mmoja wa Kimilili anichongee cha ugali, kipana cha kutosha familia, katikati pawe patupu. Bei tumeelewana, gogo la mringaringa limepasuliwa na kiini kimetupwa. Kwa sasa limefunikwa kwenye ghala la mama yake, na amenikataza kwenda kulitazama kabla mvua hazijakatika.