Ini Lisigeuzwe Moyo

Katika Maombolezo 2:11, mshairi wa Kiebrania anaulilia mji wa Yerusalemu, ulioangamizwa na Wababeli katika karne ya 6 K.K., kwa viungo vya mwili wake: macho yamechoka kwa machozi, matumbo yamechafuka, ini limemwagika chini. Tafsiri kadhaa za Kiingereza zimeweka moyo mahali pa ini. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuzifuata. Moyo wetu umekwisha kubebeshwa mapenzi, nia na ushujaa. Tena msemaji wetu aliyechomwa na maneno husema amekatwa maini. Basi kiungo hiki si kigeni katika uchungu. Ila kwetu maini hukatwa, kule ini humwagika. Twaonelea tofauti hiyo ihifadhiwe, kwani ndiyo inayopima ukubwa wa msiba: aliyekatwa ameumizwa, aliyemwagika amekwisha.