Juu ya neno "labda"

Wako walimu wafundishao ya kuwa "labda", kwa asili yake, ni neno la yakini. Kwa hiyo mhubiri asemaye "labda Mungu atakusamehe" hakukosa. Twaona hoja hii ina nusu ya kweli.

Asili ni kama wasemavyo. Neno limetoka katika Kiarabu, la budda, yaani hapana njia ya kuepuka. Na kamusi za zamani huandika pia "labuda". Budi ile ile tunayo katika "sina budi kwenda", wala haikupoteza nguvu yake hata leo. Ni ndugu wa tumbo moja: mmoja amebaki na sharti, wa pili amehamia kwenye shaka. Alihamaje? Twadhani ni kwa njia ya kukisia. Mtu aonapo mlango umefungwa husema, "Hapana budi wamelala," naye hajui, akisia tu. Makisio yakizoeleka, yakini huondoka.

Lakini maana ya neno la Kiswahili haiulizwi Arabuni. Hapa Nduruma, chini ya Mlima Meru, mashamba hunyweshwa kwa mifereji. Mwambie mkulima, "Labda zamu yako ya maji ni kesho alfajiri," uone kama atashika jembe kabla hajamwuliza mtu mwingine. Ndivyo asikiavyo na kanisani. Aliyekuja kutubu akaambiwa "labda", amerudi nyumbani na mzigo wake. Mhubiri na aseme "hakika". "Labda" aiachie mvua na bei ya mahindi.