Pongezi kwa wapasua kuni wa jioni

Baridi ya Juni na Julai ikiibana Njombe, wanaopasua kuni za watu baada ya vibarua vyao vya mchana wanastahili pongezi. Mtaji ni shoka, kabari ya chuma, nyundo nzito na tupa ya kunolea. Mgongo unao mwenyewe. Fundi wa kweli hakurupuki. Huzungusha gogo la mwati, hutafuta ufa ulioanza, hukwepa kifundo, ndipo hupiga. Mkaratusi huupasua ungali mbichi, maana ukikauka hugoma. Kuni zilizopasuliwa hukauka upesi na kupunguza moshi. Mama lishe hahitaji kuelezwa hilo. Anayeidharau kazi hii hajashika shoka. Ukiwaita, patana nao bei mapema, na uwalipe siku hiyo hiyo.