Baraza Lisiloshauri: Washauri wa Mfalme katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Riwaya ya Kusadikika (1951) kwa kawaida husomwa kama pambano baina ya Karama, mtetezi wa haki, na Waziri Majivuno, adui wa haki hiyo. Usomaji huo una msingi, lakini unakiacha kando chombo ambacho wahusika hao wawili wanasimama mbele yake, yaani baraza la mfalme. Hoja inayotetewa katika sehemu hii ni kwamba kiini cha mgogoro wa riwaya si ubaya wa waziri mmoja. Kiini chake ni baraza lililoacha kazi ya kumshauri mtawala na kugeuka mahali pa kumwadhibu anayethubutu kushauri.

Taswira ya mfalme na wazee wake haikuanzia kwa Shaaban Robert. Katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, Mbegha anaingia Usambaa akiwa mwindaji mgeni, na anaupata utawala kwa sababu wazee wa Vuga wanamkubali. Hapo wazee wanamtangulia mfalme, na idhini yao ndiyo inayomfanya awe mfalme. Katika Kusadikika uhusiano huo umepinduliwa. Mawaziri wanaishi kwa fadhila za kiti cha enzi, na hofu ya kukipoteza cheo inawazidi nguvu kuliko wajibu wa kusema kweli.

Mpinduko huo unaeleweka zaidi ukihusishwa na mazingira ya uandishi. Tanganyika ya wakati huo ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1926 chini ya uenyekiti wa gavana. Wajumbe wake waliteuliwa, na Waafrika wa kwanza, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945 tu. Wote wawili walikuwa machifu. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alitawaliwa kwa mashauri ambayo hakuulizwa. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, aliiweka nchi yake ya kubuni angani, mahali ambapo mkono wa mdhibiti wa maandishi haukuweza kufika kwa urahisi.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii umo katika visa vya wajumbe sita ambavyo Karama anavisimulia katika utetezi wake. Wajumbe hao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walikwenda pande mbalimbali, hadi mbinguni na ardhini, kutafuta maarifa ya kuifaa Kusadikika. Waliporudi, waliyoyaleta hayakufanyiwa kazi, na wao wenyewe wakatiwa kifungoni. Majina yao yanastahili kuzingatiwa. Buruhani ni uthibitisho, Auni ni msaada, Ridhaa ni kukubali kwa hiari. Baraza linapowafunga watu hawa, kwa lugha ya mafumbo linazifunga sifa ambazo ushauri wowote mwema unazihitaji. Anayebaki huru na mwenye sauti ni Majivuno.

Hali ya Karama inaukamilisha ukweli huo. Kosa analoshitakiwa ni kufundisha uanasheria katika nchi isiyoujua, na kwa kushitakiwa ndipo anapata nafasi ya kusikilizwa kwa siku sita. Hii ni kejeli nzito. Katika Kusadikika mahali pekee ambapo mfalme anaweza kuambiwa ukweli ni kizimbani, na mshauri pekee wa kweli ni mshitakiwa. Mawaziri wenye haki ya kusema wanasikiliza, huku asiye na cheo akiifanya kazi yao, na shingo yake ikiwa ndiyo dhamana.

Hata hivyo, hitimisho la riwaya lina udhaifu ambao haufai kufichwa na furaha ya ushindi. Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa, lakini utaratibu uliowafunga haubadilishwi kwa kiasi kinachoonekana. Riwaya haielezi namna mjumbe wa saba atakavyolindwa iwapo atarudi na habari chungu mbele ya mfalme mwingine, au mbele ya mfalme huyu huyu akiwa na hasira. Uhuru uliopatikana ni zawadi ya mtawala aliyeguswa, nao si haki iliyowekewa sheria. Inaweza kujibiwa kwamba mwandishi wa mwaka 1951 asingeweza kudai zaidi ya hapo bila kujiweka hatarini. Jibu hilo linaeleza sababu ya hitimisho, lakini haliondoi pengo lake.

Kutokana na mjadala huu, thamani ya Kusadikika haimo katika mfano wa mfalme mwema. Imo katika onyo kuhusu watu wanaomzunguka mtawala. Ukimya wa washauri ndio unaompa Majivuno nguvu, na ukimya huo unaweza kudumu hata baada ya waziri mmoja kushindwa.