Mtande, Mshindio na Wahakiki Wetu

Fungua tahakiki yoyote ya riwaya ya Kiswahili. Haitachukua muda utaambiwa kwamba mwandishi "amefuma visa kwa ustadi". Amefuma vipi? Uzi gani umepita wapi? Hapo kimya. Neno hili linanikera zaidi tangu nilipoanza kujifunza kufuma tepe za mapambo kwenye kitanda kidogo cha mkono.

Kitanda chenyewe ni fremu ya mbao yenye vigingi, unaweza kuipakata. Nyuzi za urefu, yaani mtande, unazizungusha kwenye vigingi. Uzi mmoja unapita kwenye kitanzi, unaofuata unapita huru, hivyo hivyo mpaka upana utimie. Ukiziinua nyuzi huru kwa mkono, njia inafunguka: unapitisha mshindio, unaugongea kwa ubapa wa kibao. Ukizishusha, inafunguka njia ya pili. Basi. Mtu anaweza kukaa barazani akafuma huku anapiga soga.

Sasa hebu angalia hapa. Katika tepe za aina hii nyuzi za mtande hubanana mpaka mshindio unafichika. Rangi zote uzionazo ni za mtande, na urembo umeshaamuliwa kabla hujaanza. Tia nyekundu kwenye vitanzi vyote na nyeupe kwenye zilizo huru, utapata vistari vya kukingama. Weka mbili za rangi moja zifuatane mahali fulani, na hapo mpangilio unageuka kama ubao wa drafti. Mshindio unachungulia kingoni tu, pale unapogeuka kurudi. Lakini ndio unaoshika upana. Ukiuvuta sana tepe inasinyaa, ukiulegeza inatanuka ovyo. Kitabu ninachojifunzia, The Weaver's Inkle Pattern Directory cha Anne Dixon (2012), kina ruwaza 400 na michoro inayosomeka vizuri, ila mchoro hauwezi kukuambia mkono uvute kiasi gani. Hilo unalijua kwa vidole.

Kwa hiyo mtu akiniambia Shafi Adam Shafi amefuma mapenzi na siasa katika Vuta N'kuvute (1999), namuuliza: kipi mtande, kipi mshindio? Tumezoea kuvitaja viwili hivyo kana kwamba ni rangi mbili zilizolazwa sambamba. Mimi naona vingine. Mtande ni maisha ya Yasmin: binti aliyeozwa mzee, Bwana Raza, akamkimbia, akaja kumpenda Denge. Hayo ndiyo yanayojaa machoni. Harakati za Denge dhidi ya ukoloni Zanzibar ni mshindio. Kazi yake ni ya siri, hujitokeza pembeni, polisi wanapomwandama au yeye mwenyewe anapotoweka. Kila unapovutwa uzi huo, nafasi ya wapenzi inabanwa. Msomaji anayesema siasa ya riwaya hii ni nyembamba ametafuta rangi mahali palipohitaji kupimwa mvuto. Na jina la kitabu lilishamwambia!

Watu wa kale hawakulichezea neno hili. Kiswahili kina taraza, utepe unaofumwa kwenye ukingo wa nguo, na neno hilo tumelipata kwa Waarabu: tiraz. Ibn Sana al-Mulk wa Misri, aliyefariki mwaka 1211, alikiita Dar al-Tiraz kitabu chake kuhusu muwashshah, aina ya utungo ambayo jina lake linahusishwa na mkanda wa kujipamba. Na kwa nini mkanda? Kwa sababu vina vya sehemu moja hubadilika kila ubeti, vya sehemu nyingine hurudi vile vile mpaka mwisho. Hiyo si sifa ya kumwagia mtunzi, ni maelezo ya kazi.

Utenzi wetu una kitu kama hicho. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, kesho kina kingine, ila cha mshororo wa nne, kina cha bahari, hakibadiliki. Soma Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ukiwa umekwisha kushika tepe mkononi. Mama mgonjwa anamuusia binti yake: dini, adabu, mume. Rangi zinapokezana ubeti baada ya ubeti, na ukingoni mwa kila mmoja unachungulia uzi ule ule, umegeuka, unarudi ndani.