Kiu Yenye Adabu

Mwezi Februari jua la Swartland halina huruma. Eneo hili la Afrika Kusini, mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini mwa Cape Town, hupata mvua zake wakati wa kipupwe, Mei hadi Agosti, na kiangazi mbingu hufunga. Ngano imekwisha kuvunwa, yamebaki mabua. Katikati ya ukavu huo imesimama mizabibu ya Syrah, aina ya zabibu za mvinyo mwekundu; ni mifupi, bila nguzo wala waya, na shamba zima halina bomba la maji. Hapo ndipo zabibu zake zinapoiva.

Mpita njia angeweza kudhani shamba limetelekezwa. Kumbe amekutana na ufundi wa daraja la juu: kujua ni lini mkono uingie shambani na lini ujizuie.

Mzabibu unaonyweshwa kwa matone kila wiki hauna sababu ya kwenda mbali. Mizizi yake hubaki juu juu, karibu na bomba. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzabibu ulionyimwa maji hupeleka mizizi chini, ukifuata nyufa za mwamba hadi kwenye unyevu uliobaki tangu mvua za Julai. Ndiyo maana kazi kubwa ya mkulima hufanyika kabla ya kiangazi. Huchagua ardhi inayotunza maji, kama ile ya shisti iliyopasuka kwa tabaka kwenye mlima Kasteelberg, au itale iliyooza ya Paardeberg. Hupanda kwa nafasi ili miti isigombanie akiba. Hupogoa kila mti uwe na umbo la bakuli, majani yavitie vishada kivuli. Hung'oa magugu kabla hayajanywa kilichowekwa. Akikosea kipupwe, atalipa kiangazi.

Na hata asipokosea, malipo ni madogo. Shamba la namna hii mara nyingi halifikishi tani tano kwa hekta, ilhali la kumwagiliwa laweza kutoa mara tatu ya hizo na zaidi. Ukame ulioikumba Rasi ya Magharibi kati ya 2015 na 2018 ulipunguza hata hicho kidogo. Faida iko kwenye tunda lenyewe: punje huwa ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi kwa juisi kidogo. Rangi, harufu na ule ukakasi wa tanini hukaa zaidi kwenye ganda.

Mtengeneza mvinyo Eben Sadie alipotoa mvinyo wake wa kwanza wa Columella, wa mavuno ya 2000, Swartland ilijulikana zaidi kwa ngano na kwa mvinyo wa bei nafuu. Baadaye wakaja wengine. Chris na Andrea Mullineux, walioanza 2007, hutengeneza Syrah ya shisti na ya itale katika chupa tofauti, ili mnywaji aonje udongo mmoja mmoja. Kiwandani nako wengi wao hujizuia vilevile: huachia hamira ya asili ichachue, huacha baadhi ya vishada na vikonyo vyake, na hupendelea mapipa ya zamani yasiyoutia mvinyo ladha ya mbao. Tukisifu, tuwasifu pia wanaopogoa na kuchuma. Majina yao hayaandikwi kwenye chupa, na katika mashamba ya Rasi babu zao walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, desturi iliyoacha majeraha katika familia nyingi.

Si kila msomaji anakunywa mvinyo, lakini harufu ya Syrah haitakuwa ngeni kwa yeyote aliyekaa karibu na sufuria ya pilau. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitambua kiini chake, rotundoni, ambacho ndicho pia kinachoipa pilipili manga harufu yake. Kiasi kidogo mno hutosha kunukia, ingawa karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kukinusa kabisa.

Basi chakula cha kuandamana na Syrah ni kile ambacho pilipili manga ingekikubali. Kwanza nyama ya kondoo iliyochomwa kwa kuni, maana mafuta na chumvi hulainisha tanini. Biltongi, nyama iliyokaushwa kwa giligilani na pilipili manga, hufaa kabla ya mlo. Zeituni, zinazolimwa bondeni Riebeek-Kasteel jirani na mizabibu hiyohiyo, hukubaliana na mvinyo huu, kadhalika uyoga, dengu na biringanya za kuchoma. Mbuzi choma wa Nairobi au Arusha anafaa bila shaka, ila kachumbari yenye ndimu na pilipili kali ikae pembeni: kileo huongeza ukali wa pilipili, na ndimu huufanya mvinyo uonekane hauna ladha. Samaki wa mafuta nao huacha ladha ya chuma mdomoni. Na penye joto la Dar es Salaam, chupa ipitie kwenye friji nusu saa kwanza.

Wapo watakaouliza kwa nini chupa hizi ni ghali. Jibu utalipata ukilinganisha na Dodoma, ambako mizabibu huvunwa hata mara mbili kwa mwaka na mkulima huuza zabibu zake kwa kilo. Anayelipwa kwa uzito ana kila sababu ya kutafuta maji, wala hana kosa. Ili mkulima athubutu kuiacha mizabibu yake na kiu, sharti awepo mnunuzi anayelipia ladha kuliko mzani. Bila yeye, kujizuia kote huko ni hasara tupu.